ELIMU YA KUWASAIDIA WENYE ULEMAVU: FARDHI KIFAYA TULIYOISAHAU

(Mhadhara uliotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanaadamu mkono wa kushika na mguu wa kumpeleka msikitini, kisha akamjaribu kwa kumpa na kwa kumnyima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad.

Leo hatutazungumzia ndoa wala mirathi. Tutazungumzia kazi ya kielimu ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia ikitajwa juu ya mimbari: kazi ya wale wanaofanya utafiti vyuoni wa kutengeneza mashine na vifaa vya kumrudishia mgonjwa wa kiharusi matumizi ya mkono wake, au kumsimamisha aliyekatwa mguu. Na kabla ya kuwanasihi wengine, hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe.

Jibu tulilolijutia

Miaka michache iliyopita alitujia kijana mmoja aliyesoma madrasani kwetu tangu alifu hadi akakhitimu Qur'ani. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri fizikia na hisabati. Akatuuliza: "Maalim, nikienda kusoma uhandisi ili nitengeneze mikono ya mashine kwa ajili ya wagonjwa, je, nitakuwa nimeipoteza elimu mliyonifundisha?" Tukamjibu kwa haraka kwamba elimu yenye ujira ni elimu ya dini, na hayo mengine ni dunia tu, kila mtu ana chaguo lake. Akainamisha kichwa, akatushukuru kwa adabu, akaondoka.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Tulialikwa kufuturu nyumbani kwao. Baba yake, mzee tunayemheshimu sana, alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia na mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, vidole havishiki kitu. Tulikumbuka jinsi alivyokuwa akiona haya kula mbele za watu kwa mkono wa kushoto, ijapokuwa mwenye udhuru hana lawama katika sheria. Jioni ile tulimwona akila kwa mkono wa kulia. Tulipotazama vizuri tukaona kijiko kimefungwa kwenye kipande cha bomba la plastiki, lile la maji, lililopashwa moto likakunjwa kwa kufuata umbo la kiganja, na mkanda wa kitambaa umekizunguka kiganja chote. Mzee akatuambia, "Haya ni ya mwanangu." Kisha akasema Bismillah, akaendelea kula.

Ndugu zetu, uji ule ulitupita kooni kwa taabu. Kijana yule alikuwa amemsaidia baba yake kutekeleza Sunna ya Mtume (SAW), nasi tulimwambia kuwa shughuli yake ni dunia tu. Baada ya Tarawehe tulimwita pembeni, tukamwambia waziwazi kwamba jibu letu la mwanzo lilikuwa kosa. Mhadhara huu ni deni letu kwake.

Dini yetu inasemaje?

Huenda mtu akauliza: je, katika Sunna kuna asili ya kiungo cha kutengenezwa? Naam, ipo. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai habari za Sahaba Arfaja bin As'ad (RA), ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, lakini ikaharibika na kutoa harufu. Mtume (SAW) akamwamuru atengeneze pua ya dhahabu. Tunajua sote kwamba dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa iliruhusiwa kwa sababu ya haja.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, Mtume (SAW) hakumwambia Arfaja avumilie tu. La pili, kifaa cha kwanza kilikuwa na kasoro, na kasoro ile ikaondolewa kwa kubadilisha madini. Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti: kutazama kifaa kilichopo, kujua kwa nini kinamwudhi aliyekivaa, na kutafuta kilicho bora zaidi.

Tena tunajua kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum (RA), kipofu ambaye kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Sura Abasa. Mtume (SAW) alimfanya kuwa muadhini, na alimwachia Madina mara kadhaa alipotoka. Basi mwenye ulemavu katika Uislamu ni mtu wa kupewa kazi na amana, si wa kuonewa huruma tu. Na wanahistoria wamepokea kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala tangu mwaka 86 hadi 96 Hijria, aliwapangia vipofu watu wa kuwaongoza na wasiojiweza watumishi wa kuwahudumia kwa gharama ya dola.

Wako pia wanaoogopa kwamba mashine ni bidaa. Bidaa iliyokatazwa ni kuzusha jambo katika dini. Ama mambo ya maisha, kisa cha kupandishia mitende pale Madina kinatosha, ambapo Mtume (SAW) aliwarudishia watu wa kazi hiyo ujuzi wa kazi yao. Na Waislamu waliotangulia walilifahamu hilo. Badiuzzaman Ismail Al-Jazari, fundi wa wafalme wa Kiartuki huko Diyarbakir, mji ulioko Uturuki ya leo, alikamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Miongoni mwa aliyoyaeleza humo ni chombo cha kummiminia maji mtu anayetawadha, kwa sababu mfalme wake hakupenda kumiminiwa maji na mtumishi. Baadhi ya mitambo yake aliitia sura za watu na ndege, na wanazuoni wana maneno yao juu ya hilo. Lakini fikra ya chombo kumhudumia mtu katika ibada yake ilitoka kwetu, tukaiacha njiani, na wengine wakaiokota.

Kazi hii hufanywaje?

Tutoe mfano mmoja ulio mashuhuri. Mwaka 1989, katika chuo cha MIT kilichopo Massachusetts, Marekani, Profesa Neville Hogan na wenzake walianza kujenga roboti ya kuwasaidia wagonjwa wa kiharusi, ikaitwa MIT-Manus. Msidhani kwamba roboti ni sanamu lenye kichwa na macho. Hii ni mikono ya chuma iliyofungwa kwenye meza. Mgonjwa hukaa kitini, mkono wake ukawekwa katika kishikizo, na mbele yake pana kioo cha kompyuta kinachoonyesha alama anazotakiwa kuzifikia. Akishindwa kusogeza mkono, mashine humsogeza polepole. Akianza kusogea mwenyewe, mashine humwachia. Hurudia hivyo mara mamia kwa siku moja, jambo ambalo mtaalamu wa tiba ya viungo hawezi kulifanya kwa mikono yake bila ya kuchoka.

Msingi wake ni kwamba kiharusi huharibu sehemu ya ubongo, si mkono. Mkono ni mzima, lakini amri haifiki. Ubongo, kwa uwezo wa Allah aliouweka ndani yake, unaweza kujifunza upya kupitia sehemu zilizobaki, iwapo mtu atarudia harakati ileile mara nyingi. Sisi walimu wa kuhifadhisha Qur'ani tunalijua jambo hili: ulimi mzito wa mtoto hulainika kwa kukariri.

Sasa tusikilize yaliyofuata, kwa sababu hapa pana funzo kubwa. Baada ya miaka mingi ya kazi, mashine ile ilipimwa katika hospitali za askari wastaafu nchini Marekani kwa wagonjwa 127 waliougua kwa muda mrefu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: baada ya wiki 12, waliotumia mashine hawakuonekana kuwa bora kwa kiwango cha kutegemewa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baada ya wiki 36 walikuwa mbele kidogo ya wale wa huduma ya kawaida, lakini hawakuwapita waliopewa mazoezi makali na mtaalamu. Kisha likafanyika jaribio kubwa zaidi huko Uingereza kwa wagonjwa 770, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019: mashine haikuwazidishia wagonjwa uwezo wa mkono kuliko huduma ya kawaida.

Mmoja wa waliovumbua mashine ile, Hermano Igo Krebs, jina lake limo miongoni mwa walioandika taarifa zote mbili. Tangu 1989 hadi 2019 ni miaka 30. Mtu anatumia umri wake kwa kitu kimoja, kisha anatia jina lake chini ya karatasi inayosema kwamba kitu chake hakikutimiza yote yaliyotarajiwa. Enyi ndugu zetu mnaoipenda elimu ya Hadithi, je, hamkumbuki maimamu wetu waliokuwa wakisema hadharani kwamba mpokezi fulani ni dhaifu, hata kama ni baba yake mtu au ndugu yake? Ali bin Al-Madini aliulizwa kuhusu baba yake mzazi, akasema kwamba ni dhaifu katika upokezi. Ukweli huo ndio uhai wa kila elimu, na sisi tulikuwa walimu wake.

Wala msiseme kwamba miaka 30 ilipotea bure. Sasa inajulikana kwamba mashine peke yake haitoshi, na kwamba mkono unaosogea mezani si lazima uweze kufunga kifungo cha kanzu. Watafiti waliobaki wanaanzia hapo.

Katika majaribio hayo, mgonjwa hapewi mashine kwa kupendelewa wala kwa kujuana. Hupigwa kura, huyu aingie kundi hili na yule kundi lile. Mtume wetu (SAW) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri, ili pasiwe na dhulma. Na mgonjwa haguswi mpaka aelezwe na atoe ridhaa yake, na kamati ya maadili iridhie.

Njia ya mwenye kuitaka kazi hii

Vijana wetu huuliza: njia ni ipi? Ni ndefu, na ni haki yenu kuambiwa hivyo mapema. Mwanafunzi huanza na fizikia, hisabati, kemia au biolojia katika sekondari. Kisha husoma shahada ya kwanza: uhandisi wa mitambo, umeme, kompyuta au vifaa tiba, au tiba ya viungo, au utengenezaji wa viungo bandia. Halafu shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu ambayo huchukua miaka mitatu, minne au zaidi, na ndani yake hutakiwa kuongeza jambo moja ambalo halikujulikana kabla yake. Baada ya hapo wengi hufanya utafiti kwa miaka mingine chini ya profesa kabla ya kupata nafasi ya kudumu. Chuoni hupanda ngazi: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, na kila ngazi huidai kwa maandiko yaliyokaguliwa na wataalamu wenzake. Tangu kidato cha sita hadi kuitwa mhadhiri kamili, si ajabu ipite miaka 12.

Huyo Krebs tuliyemtaja alisoma shahada yake ya kwanza São Paulo kwao Brazil, ya uzamili Yokohama, Japani, na ya uzamivu MIT. Mabara matatu kwa ajili ya fani moja. Sisi tunayo kumbukumbu bora kuliko hiyo: Jabir bin Abdillah (RA) alisafiri mwendo wa mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya Hadithi moja. Safari ya kutafuta elimu ni urithi wetu.

Na mwenye ulemavu mwenyewe asijione yuko nje ya njia hii. Hugh Herr, aliyekuwa mpanda milima kijana huko Marekani, alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti mwaka 1982 baada ya kuganda kwa baridi mlimani. Hapo ndipo alipoanza kusoma kwa bidii, akafikia kuwa profesa wa MIT, na leo anatembea kwa miguu ya mashine ambayo yeye ni miongoni mwa waliyoibuni. Nani ajuaye kasoro za mguu wa bandia kuliko anayeuvaa?

Wala mlango si wa ng'ambo tu. Mjini Moshi, hapo KCMC, kipo chuo cha mafundi wa viungo bandia kijulikanacho kwa jina la TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kimewasomesha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Je, ni wangapi kati ya watoto wa misikiti yetu wamewahi kulisikia jina lake?

Kwa nini iwe fardhi kifaya?

Wanazuoni wetu walisema kwamba kila ufundi ambao umma hauwezi kusimama bila yake ni faradhi ya kutosheleza: wakiwepo wa kutosha, dhambi huwaondokea wengine, na wakikosekana, wote hubeba. Sasa tutazame. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti mwaka 2022 wakasema kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kama vile miwani, kiti cha magurudumu au kifaa cha kusikia, na kwamba karibu bilioni moja hawakipati. Katika baadhi ya nchi masikini, wanaopata ni kama 3 tu kati ya kila 100 wenye haja, na katika nchi tajiri hufikia 90.

Waliokosa ni akina nani? Ni kijana wa bodaboda aliyekatwa mguu, ni bibi aliyepata kiharusi na sasa hatoki chumbani. Kifaa kikitoka ng'ambo, mara nyingi kimetengenezwa kwa ajili ya barabara ya lami na umeme usiokatika. Kikifika penye mchanga na matope huharibika, na vipuri havipatikani. Nani atatengeneza mguu wa mtu anayekaa chini kula, anayesujudu mara kadhaa kwa siku, anayetawadha kwa maji kila mara? Mtafiti asiyeswali hatalifikiria hilo, wala hatumlaumu. Ni juu yetu.

Hapa pia wahandisi wanawahitaji wanafunzi wa fiqhi. Aliyekatwa mkono chini ya kiwiko huosha sehemu iliyobaki, na aliyekatwa juu yake wajibu wa kuosha mkono huo humwondokea. Je, mwenye kifaa kinachovuliwa kwa taabu afanye nini? Kiti cha magurudumu kilichopita njiani kitaingiaje msikitini? Masuala haya yanataka fundi na mwanachuoni wakae jamvi moja.

Nasaha zetu

Kwa wazazi: msimvunje moyo mtoto anayefungua redio na kuifunga tena. Na msiwazuie mabinti. Mwanamke aliyekatwa mguu hupimwa kisigino cha mguu uliobaki hadi paja. Je, hamtaki apimwe na mwanamke mwenzake?

Kwa walimu wenzetu wa madrasa: tusijibu haraka kama tulivyojibu sisi.

Kwa kamati za misikiti: kabla ya kuzungumzia roboti, tazameni ngazi za mlango wenu. Ibn Ummi Maktum aliombewa udhuru na upofu wake, naye Mtume (SAW) akamuuliza kama anasikia adhana, kisha akamwambia aitikie. Wenye ulemavu wa leo wanaisikia adhana yetu kwenye vipaza sauti. Wakija, wanakuta ngazi tano na hakuna njia ya mteremko. Mifuko michache ya saruji inatosha.

Kwa wenye mali: sisi tulipokwenda kusoma kwa Kiarabu ng'ambo, nauli yetu ilitoka katika michango ya watu wa msikiti. Bila ya sadaka zile tusingesimama hapa. Wekeni wakfu, nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, pato lake limsomeshe mwanafunzi mmoja wa fani hii hadi mwisho. Mmoja tu, lakini hadi mwisho.

Na kwa kijana atakayeingia katika kazi hii: safisha nia yako, usibadilishe hesabu ili upate cheo, na usimfanye mgonjwa kuwa ngazi yako. Ukumbuke kwamba mashine ni sababu, na mponyaji ni Allah.

Kijana wetu yule sasa yuko mwaka wa pili wa uhandisi. Baba yake bado anakula kwa kijiko kile cha bomba. Ametuambia kwamba mkanda humkata kidogo kwenye kiganja, na mwanawe akirudi likizo ameahidi kuutengeneza upya.

Ee Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, wape subira waliokosa viungo na uwalipe vilivyo bora Peponi, tupe vijana wenye elimu yenye manufaa, na utusamehe tuliyoyasema bila ya ujuzi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.